Tepe za Marijani

1

Siku Hamad mpiga zumari alipojikunja katikati ya mazoezi, watu wa Marijani walidhani anafanya mzaha, maana Hamad na mzaha ni watoto wa mama mmoja. Bi Mize, Malkia wa chama, alimpigia makofi ya kejeli. "Haya, umeshakufa, tumeona. Inuka sasa tuendelee," akamwambia. Lakini Hamad hakuinuka. Alikuwa ameshika ubavu wa kushoto, jasho linamtiririka, na zumari aliyoirusha kwa uchungu ilikuwa bado inaelea juu ya vichwa vya watu, kwa sababu kule Mwezini kitu kikishatupwa hakina haraka ya kurudi.

Sikitu binti Faki, mfamasia wa Marijani, alikuwa ameegemea ukuta akiwatazama. Aliruka hatua moja ndefu akafika. Aliujua mkao ule. Mtu anayejikunja, akajikunjua, akageuka huku, akageuka kule, na hakuna upande unaompa nafuu, huyo ana jiwe la figo. Hilo halikumshangaza. Kilichomshangaza ni utepe uliokuwa begani mwa Hamad, maana ulikuwa bluu tupu.

"Jiwe gani linampata mwenye bluu?" aliuliza mama mmoja wa safu ya mbele, na swali lile likapita kinywa hadi kinywa ukumbi mzima.

Tuseme ukweli, watu wa Bondeni huwezi kuwapa kitu chema wakakitumia tu kama binadamu wengine. Lazima wakishindanie. Babu zao walitoka Pemba kuja kuchimba barafu katika bonde hili la Mwezi lisilofikiwa na jua, na katika mizigo yao midogo iliyopimwa kwa ratili walitia upatu mmoja wa shaba na ugomvi wa vyama viwili vya ngoma ya lelemama, Marijani na Kidani. Wangeweza kuuacha ugomvi nyumbani, mzigo ungekuwa mwepesi. Hawakuuacha. Kila mwaka, Siku ya Upatu, vyama hivyo hupita mbele ya watu wote vikiimba na kutupiana maneno, na chama kinachoshinda hukaa na upatu mpaka mwaka mwingine. Marijani walikuwa hawajaugusa tangu Sikitu yuko shule.

Mawe nayo yalikuja na Mwezi wenyewe. Huku mwili hauna uzito wa kutosha kuisumbua mifupa, na mfupa usiosumbuliwa huanza kuachia chokaa yake, chokaa ikaingia kwenye damu, damu ikaipeleka kwenye figo. Ukichanganya na maji ya kupimiwa, figo inageuka machimbo. Wazee wa kwanza walilia kwa mawe mpaka wakatamani kurudi. Ndipo ikaja ndimu, ndivyo watu wanavyoviita vidonge vya sitreti ya potasiamu ingawa hakuna ndimu iliyotiwa humo. Ndimu huishika ile chokaa isikutane na wenzake, na huvunja ukali wa mkojo. Pamoja na ndimu ukaja utepe. Kila mtu ana punje ndogo ya kipimo kibofuni, na punje humwambia utepe wa begani namna mkojo ulivyo. Mkojo wenye asidi, utepe manjano. Asidi ikivunjika, kijani. Alkali ikizidi, bluu.

Daktari wa kwanza aliwaambia watu watafute kijani. Wakatafuta, mawe yakaisha, wakafurahi. Halafu Kidani wakatokea Siku ya Upatu na mtu mmoja mwenye kijani kilichoelekea bluu, wakamwimbia wimbo, na hapo ndipo akili ya Bondeni ilipoharibika. Kama manjano ni ubaya na kijani ni uzuri, basi bluu, walisema, ni uzuri uliopanda ngazi. Tangu hapo waamuzi wa Siku ya Upatu hutazama mabega kabla ya kusikiliza sauti.

"Kidani wamemtilia kitu," alisema mtu.

"Hakuna aliyemtilia kitu," Sikitu alijibu. "Nisaidieni kumbeba."

2

Jiwe la Hamad lilitoka lenyewe zahanatini, baada ya maji mengi na sindano ya kutuliza maumivu. Sikitu aliliweka kwenye kisahani, akaligusa kwa ncha ya kibano, likameguka. Lilikuwa jeupe na laini, kama chaki iliyolowa. Mawe ya wazee, yaliyohifadhiwa kwenye kabati la zahanati ili vijana waone na kuogopa, yalikuwa ya kahawia na yenye miiba. Hili halikuwa ndugu yao. Hili lilitokana na mkojo uliopitiliza upande wa pili, ambako chokaa, badala ya kutulia, inakamatana na fosfati na kuganda.

"Hamad, niambie unavyomeza ndimu yako."

Hamad, aliyekuwa amelala mweupe midomo lakini mzaha umeanza kumrudia, alitabasamu. "Simezi. Nakunywa. Kwenye uji wa Malkia."

"Uji gani?"

"Kumbe hujui? Safu ya mbele yote tunakunywa kwake asubuhi. Anakusanya ndimu zetu sote, anaziponda kwenye kinu, anatia kijiko kwa kila bakuli. Anasema kidonge kizima kinachelewa tumboni, na Siku ya Upatu haichelewi. Tumbo linaungua kidogo, lakini tazama bega." Akaligeuza bega lake kwa fahari, kisha uchungu ukamkumbusha alipo.

Sikitu alihisi hasira ikimpanda. Kila mwezi alikuwa akisimama dirishani akisema maneno yale yale: meza kizima, usitafune, usiponde, meza na chakula, shushia kikombe kizima cha maji, tumia ulichoandikiwa wewe na si cha jirani. Kidonge kile kimetengenezwa kuachia dawa yake polepole kutwa nzima. Ukikiponda, potasiamu yote inamwagika mwilini kwa mara moja. Na anayeponda si mtoto mtundu, ni shangazi yake mwenyewe, dada wa baba yake, aliyemlea.

Alimkuta Bi Mize chumbani mwake akishona vipande vya madini ya risasi kwenye pindo la vazi la ngoma, ili literemke vizuri wakati wa kucheza. Utepe wake ulikuwa bluu kuliko wa Hamad.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Vipi mpiga zumari wangu?"

"Amepata nafuu. Anakuulizia." Sikitu alitazama sindano. Bi Mize, ambaye mkono wake ulisifika Bondeni nzima, alikuwa anakosa tundu, anajaribu tena, anakosa. "Mikono ina nini?"

"Uzee."

"Na miguu?"

"Imekuwa mizito. Ajabu, Mwezini hapa, miguu mizito." Alicheka, lakini hakuinuka.

Sikitu alikaa karibu naye, akamshika kifundo cha mkono kama mtu anayetaka kutazama bangili. Mapigo yalikwenda, yakasita, yakakosekana, yakarudi kwa kukimbilia. Alimwuliza taratibu kama kuna dawa nyingine yoyote anayotumia.

"Dawa ya nini? Malkia haumwi," Bi Mize akajibu, na sauti yake ikafunga mlango.

Kubishana na Bi Mize ni kupoteza pumzi, na Sikitu alijua. "Basi nisindikize ukamjulie hali Hamad," alisema. "Amelala peke yake, na Kidani wameshaanza kumcheka." Kwa hilo Malkia aliinuka. Angeweza kukataa kujitibu, lakini kumwacha mtu wake achekwe, hapana. Walipofika mlangoni mwa zahanati miguu ilimwishia, na Daktari Ngwali akawahi kumdaka.

Daktari aliwasha mashine ya moyo, ikaanza kuchora. Vilele vilikuwa virefu na vyembamba, vimechongoka. Alimchoma dawa ya kuutuliza moyo, akamfungulia dripu, akaagiza damu ipimwe, na ilipopimwa potasiamu ilikuwa imepanda mpaka mahali ambapo moyo unaweza kusimama bila kuaga.

"Ana dawa ya presha," Daktari Ngwali alimwambia Sikitu pembeni, akiona haya. "Nilimwandikia mimi. Ni ile inayozuia potasiamu isitoke na mkojo, na figo zake si za kijana. Ndimu yake niliipunguza ikawa nusu, na nikamwambia asivuke hapo. Dawa ya presha akaniomba, kama wengine wachache, nimpe mkononi, isipitie dirishani kwako, watu wasione. Nikakubali. Sikujua kuna kinu."

"Na mimi nilijua ndimu ni nusu, sikujua kwa nini," Sikitu alisema. "Mficha maradhi kifo humuumbua. Na sisi wawili tulimsaidia kuficha."

3

Bi Mize alipotulia na vilele vikaanza kushuka, Daktari Ngwali alimvuta Sikitu hadi kwenye chumba cha mitambo, akafunga mlango. Alikuwa mtu mpole, mwenye kusema kwa kuzunguka, lakini safari hii alikwenda moja kwa moja.

"Siku ya Upatu ni keshokutwa. Kesho ukiwaambia bluu ni mbaya, hawatakuamini. Watasema umeogopa, au umenunuliwa na Kidani. Wengine wataogopa kweli, waache ndimu kabisa, na turudi kwenye mawe ya wazee. Lakini kuna njia nyingine." Akaonyesha kitasa cha mtambo unaoendesha rangi za tepe zote za Bondeni, ambacho ufunguo wake ulikuwa shingoni mwa Sikitu. "Kipunguze kipimo. Penye kijani, wacha utepe uonyeshe bluu. Penye bluu, uonyeshe rangi yoyote mbaya, kijivu, rangi ya majivu. Watakimbilia penye usalama wenyewe, wakidhani ni fahari. Hakuna atakayeaibika. Hakuna atakayejua."

"Na Marijani watashinda," Sikitu alisema.

"Ukiwapimia ndimu vizuri wafike penye kijani kabla ya Kidani, watashinda. Sioni ubaya."

Wallahi naye hakuona ubaya, kwa muda. Aliuingiza ufunguo, akafungua. Mbele yake, kwenye kioo cha mtambo, mabega yote ya Bondeni yalikuwa yamepangika kama shanga, manjano, kijani, bluu, kila shanga mtu anayemjua kwa jina. Kugeuza kipimo kulihitaji kidole kimoja. Akilini alimwona shangazi yake akipokea upatu, analia, anaupiga. Alilitaka jambo lile kwa moyo wake wote. Alikuwa amelitaka tangu utoto.

Kisha akafikiri juu ya mwaka ujao. Mtu atakapokuja dirishani na utepe wake wa bluu ya uongo, akauliza, "Sikitu, niko salama?", atamjibu nini? Na utepe ukishafundishwa kudanganya kwa wema, nani atauzuia siku mtu mwingine mwenye ufunguo akiwa na sababu yake nyingine, mbovu kidogo, halafu nyingine mbovu zaidi? Njia ya mwongo ni fupi. Zaidi ya yote ule mkojo ulikuwa wao. Habari ile ilitoka ndani ya miili yao ikapanda begani mwao, na yeye hakuwa na ruhusa ya kuichakachua, hata akiwa anawapenda, hata akiwa mfamasia mwenye cheti ukutani. Unaweza kumwambia mtu mzima jambo asilolipenda. Kumchorea uongo mwilini mwake ni kumfanya mtoto.

"Ni maisha ya watu, Sikitu," daktari alisema.

"Najua ni maisha ya watu." Akafunga kitasa, akaurudisha ufunguo shingoni. "Tutawaambia, daktari. Mimi na wewe, tumesimama pamoja. Wakitutukana tutatukanwa."

4

Bi Mize alikuwa ameamka. Utepe wake ulikuwa umeanza kufifia, bluu imechujuka, kijani kinachungulia. Aliutazama kama mtu anayetazama nyumba yake ikibomolewa.

"Mmenifanya nini?"

Sikitu alivuta kigoda akaketi, akamwambia yote: kinu, uji, dawa ya presha, moyo, jiwe jeupe la Hamad. Hakupunguza neno. Alimwambia pia kwamba ndimu kwake yeye imekwisha. Kwa mwenye figo zake na presha yake, kinga itabaki kuwa maji mengi, chumvi kidogo na kupimwa damu, na utepe wake utashuka hadi manjano na kukaa huko.

"Manjano," Bi Mize alirudia. "Malkia wa Marijani na manjano begani, kama mtoto asiyependa kunywa maji."

"Ndiyo, shangazi."

"Nizuie basi nisitoke. Nifungie humu. Sema nimekufa."

"Sitakufungia. Ukitaka kutoka utatoka, ila hutacheza, utatembea. Na kundi nitaliambia ukweli leo hii, tepe zote za safu ya mbele zirudi kijani. Tutashindwa keshokutwa. Nimekuja wewe ulisikie kwanza kutoka kwangu."

Bi Mize aligeuza uso ukutani. Kisha akauliza bila kugeuka, "Zile tepe, zinaendeshwa na ule ufunguo wako?"

"Ndiyo."

"Ungeweza kuzifanya ziseme unavyotaka."

"Ningeweza. Nimetoka huko sasa hivi. Nilifungua kabisa." Sikitu aliugusa ufunguo shingoni. "Nilitaka ushinde, shangazi. Nilitaka sana. Lakini ungekuwa ushindi wa kupakwa."

Malkia aligeuka. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini kidevu kilikuwa kimeinuka, na Sikitu alikijua kidevu kile. Mtu mzima akikiona huwa anatafuta pa kujificha.

"Ushindi wa huruma," Bi Mize alisema. "Mize binti Makame apewe upatu kwa huruma ya mtoto niliyemfunga nepi. Ingekuwa afadhali nife." Akanyoosha mkono wenye dripu, akamshika Sikitu shavu. "Umefanya vyema kunikatalia. Nimekulea vizuri kuliko nilivyojua. Sasa niitie kundi. Kinu nilishika mimi, watanisikia mimi."

Wakaja, wakajazana mlangoni. Sikitu na Daktari Ngwali walisimama ubavuni mwa kitanda. Bi Mize aliwaeleza mwenyewe, amelala, mashine inamlilia pembeni. Mwanamume mmoja wa safu ya nyuma alinung'unika kwamba Kidani watawacheka mpaka wapasuke. "Waache wapasuke," Malkia akamjibu, "wewe ndimu yako utameza nzima, na chakula, na maji kikombe kizima, na ukitaka kuongeza hata kimoja utamuuliza huyu hapa. Anayetaka uji wa kupondwa aende Kidani."

5

Siku ya Upatu, ukumbi mkubwa ulijaa mpaka kwenye ngazi. Kidani walipita kwanza. Nisiwanyime haki yao, walipendeza. Mabega yote yalikuwa bluu, safu kwa safu, na mbele yao Malkia wao, Bi Time binti Shaame, mwanamke mrefu mwenye kutembea kama anayekanyaga mali yake. Aliwatazama Marijani waliokuwa wanangoja zamu, akaona kijani tupu, akacheka bila kuficha meno. Wimbo wao ulisema mengi kuhusu majani mabichi na wanyama wanaoyala. Watu walicheka sana.

Kisha zumari ya Hamad ikalia, na Marijani wakaingia.

Mbele yao alikuja Bi Mize peke yake. Hakucheza. Alitembea pole pole, pindo zito likifagia sakafu, mgongo umenyooka, na begani mwake utepe wa manjano. Alikuwa ameuvaa juu ya vazi jeupe makusudi, ili aliye mbali asije akakosea akadhani ni kijani. Wapo walioinamisha macho kwa kumwonea aibu, na aliwangoja. Alisimama pale katikati mpaka wakayainua. Ndipo akaimba, kwa sauti ile iliyowahi kuwafanya wachimbaji waweke chini vyombo vyao:

*Upatu ni wenu leo, tunawapa kwa hisani,*
*Jiwe halijui cheo, laingia ikuluni,*
*Mkitaka tegemeo, tuko hapa dirishani.*

Marijani waliitikia. Walicheza kwa miguu isiyouma, wakipaa na kutua pamoja, tepe zao za kijani zikipanda na kushuka, na Sikitu, aliyekuwa nyuma kabisa akigonga mdundo kwa pembe na kijiti, alisikia machozi yakimtoka wala hakuyafuta. Hakuwa amewahi kujivunia watu wake namna ile. Alijivunia hata yule mwanamume wa safu ya nyuma aliyenung'unika, ambaye sasa alikuwa anaimba mpaka mishipa ya shingo imemsimama.

Waamuzi walitazama mabega, kama desturi, na wakawapa Kidani upatu. Bi Mize aliubeba yeye mwenyewe kutoka mezani, akauweka mikononi mwa Bi Time, akampa na mkono. "Mcheza kwao hutuzwa," alimwambia. Bi Time aliupokea. Waliokuwa karibu waliona mikono yake ikitetemeka chini ya uzito wa upatu, uzito ambao Mwezini mtoto angeubeba.

Asubuhi iliyofuata foleni ya dirisha la dawa ilikuwa ndefu, ya vyama vyote viwili, maana ilikuwa siku ya kugawa ndimu. Marijani walikuja na vichwa juu utadhani wao ndio walioshinda, na Kidani walikuwa na vijembe vyao tayari. Vijembe vilikatika pale Bi Time alipotokea. Malkia wa Kidani hakuwa amewahi kusimama dirishani. Dawa zake aliletewa nyumbani. Watu walimpisha, akakataa, akasimama mwisho wa mstari akasogea kama wengine, bega lake la bluu likionekana na kila mtu, mpaka akafika mbele ya Sikitu.

"Shikamoo Bi Time."

"Marahaba." Aliweka mikono yote miwili mezani, kana kwamba meza ndiyo iliyomsimamisha. "Mwenzangu jana hakuimba fumbo, aliimba habari. Nipimie na mimi."

"Nitakupimia. Damu kwanza, halafu moyo." Sikitu alisita. Swali lililofuata alikuwa amewauliza watu wengi kwa sauti ya chini, wameinamiana kwenye kidirisha, na wengi walimdanganya. Alimtazama yule mwanamke mrefu usoni, akamuuliza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemheshimu. "Kuna dawa nyingine unayotumia, Bi Time?"

Bi Time aligeuka akawatazama watu wake, mmoja mmoja, na kwa Bi Mize aliyekuwa amekaa kwenye benchi na chupa yake ya maji, akasimamisha macho.

"Ya presha," alisema, kwa sauti ya kufika mpaka mwisho wa mstari. "Ninayo miaka mingi."

Halafu nyuma yake mama mmoja wa Kidani akainua mkono. "Na mimi," akasema. "Na mimi pia," akasema mwingine, wa Marijani, ambaye Sikitu alimhudumia tangu aanze kazi bila kulijua hilo. Sikitu alifungua mlango wa pembeni wa duka la dawa, akatoa viti nje, akawaambia waketi.